Neno Aliloandika Umau

Kila asubuhi Nzula alikuwa na kazi tatu katika nyumba ya babu na nyanya yake, pale mtaa wa Jamhuri, Nairobi. Alimwagilia sukumawiki nyuma ya jikoni, akapasha uji wa wimbi, kisha akampelekea babu yake bakuli pamoja na daftari. Uji haukuwa na neno. Daftari ndilo lililomtia huzuni. Lilikuwa daftari dogo la jalada la kijani, kalamu yake imefungwa kwa uzi wa sufu nyekundu, na tangu mwezi wa Februari ndilo lililokuwa kinywa cha Mzee Muasya.

Wajukuu walimwita Umau, yaani babu kwa Kikamba. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa mtangazaji wa treni katika stesheni ya Nairobi. Waliomsikia enzi hizo husema kwamba sauti yake iliwafikia hata wauza njugu nje ya lango, bila kupaza. Mwenyewe alipenda kusema kwamba kazi ile haitaki kubahatisha maneno. "Neno moja likipotoka," alikuwa akisema, "mtu wa Kisumu anajikuta Voi, na kuku wake mkononi."

Kisha ugonjwa ukamshika kooni. Madaktari walimweleza wazi kwamba ili aishi, sharti koromeo litolewe, na likitolewa, sauti nayo itakwenda. Akakubali. Sasa alipumua kupitia tundu dogo shingoni, lililofunikwa kitambaa cheupe. Susu, yule nyanya, alikifua kitambaa hicho kila jioni na kukipiga pasi pande zote mbili.

Wiki moja kabla ya upasuaji, Umau alikaa chumbani siku nne na simu yake, akajirekodi. Rekodi zilikuwa kumi na moja. Alitaja majina ya wajukuu wake mmoja mmoja. Alitangaza treni ya Mombasa ili Susu acheke. Ile ndefu kuliko zote ilikuwa baraka za harusi ya Yvonne, binti yake kitindamimba, iliyopangwa kufanyika mwishoni mwa Agosti.

"Binti haolewi hivi hivi bila kusikia sauti ya baba yake," alisema siku ile, na hayo yakawa miongoni mwa maneno yake ya mwisho.

Simu yenyewe ilikuwa ya miaka minane, kioo chake kina ufa, na kila ukiifungua ilikuonya kwamba nafasi imejaa. Kila mtu nyumbani alisema rekodi zile zinakiliwe kwingine. Kila mtu alidhani mwenzake atafanya.

Nzula aliruhusiwa kuitumia simu hiyo kwa kazi za shule. Lakini darasani, rafiki yake Nisreen alikuwa na mchezo wa kujenga mji, na hakuna siku aliyoacha kuutaja.

"Wewe hata kibanda hujajenga," Nisreen alimtania. "Mji wangu uko na barabara, uko na taa za stima. Nikikukaribisha utapotea."

"Simu ya babu imejaa."

"Si ufute vitu? Hiyo ni dakika mbili tu."

Jumamosi ya kwanza ya likizo, uji ulimwagika kidogo juu ya simu. Umau alipiga makofi mawili, ambayo ndiyo ishara ya kumwita Nzula, akaandika daftarini: *Nzula, futa simu.* Kisha akatoka kuota jua.

Nzula alichukua kitambaa, akaipanguza simu mpaka kioo kikang'aa. Alijua vizuri alichoagizwa; tusimsingizie kwamba hakuelewa. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini simu ilikuwa mkononi, na mji wa Nisreen ulikuwa kichwani.

Akaanza kutafuta nafasi. Mlikuwa na picha zaidi ya elfu moja za maua na "asubuhi njema" kutoka magrupu ya kanisa, na video za vichekesho zilizotumwa mara tatu tatu. Alidhani kuzifuta moja moja kutamla saa nzima, naye hakuwa na subira hiyo. Akapanga vitu kwa ukubwa. Juu kabisa zilikuwa rekodi za sauti. Hazikuwa na majina, ila tarakimu na tarehe za Februari. Moyo ulimwambia asikilize kwanza. Hakusikiliza, kwa sababu akisikiliza angejua.

Simu ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo. Nafasi bado haikutosha, kwani vitu vilikuwa vingali kwenye pipa la taka la simu, basi akalimwaga na pipa. Mchezo ukaingia. Kufikia saa sita mchana, Nzula alikuwa na nyumba nne na kisima.

Siku ya pili yake, baada ya ibada, Shangazi Yvonne alikuja na waya wa kunakilia. Alibonyeza simu huku na huku, uso ukabadilika.

"Baba, mbona hapa hakuna kitu?"

Susu akaacha kuchambua mchele. "Angalia vizuri. Ziko huko ndani."

"Nimeangalia, mama. Hakuna hata moja."

"Nani ameshika simu hii?" Susu aliuliza, macho yake yakaenda moja kwa moja kwa Nzula.

Papo hapo mtoto akakumbuka daftari. "Umau aliniambia niifute," alisema. "Ameandika mwenyewe." Akalifungua, akageuza kurasa, akawaonyesha. Maneno yalikuwa pale, kwa mwandiko wa babu uliosimama wima: *Nzula, futa simu.*

Umau alivaa miwani. Akayasoma mara ya kwanza, akayasoma mara ya pili. Mtu ambaye kwa miaka ishirini na tisa hakumpoteza msafiri hata mmoja alikitazama kidole chake mwenyewe kama kwamba ni cha mtu mwingine. Kisha akaandika polepole: *Kosa ni langu. Ningeandika panguza.*

Yvonne alimkumbatia, akamwambia haidhuru. Ilidhuru, na kila mtu aliona. Nzula akalifunga daftari.

Tangu siku hiyo Umau aliogopa maneno. Zamani akitaka chumvi aliandika *chumvi*, basi. Sasa aliandika: *Naomba chumvi ya kula iliyo katika mkebe wa bluu, si ule wa sukari.* Aliandika, akakata, akaandika upya, na chakula kikapoa. Siku nyingine aliacha kabisa, akala hivyo hivyo bila chumvi. Nzula aliufungua mchezo wake mara moja tu. Nyumba nne zilikuwa pale, hazina mtu ndani. Akaufunga.

Siku ya tisa, Susu alimtuma Nzula amsindikize babu yake mjini, kwa fundi wa simu aliyesifiwa. Fundi huyo aliitwa Hemed, mtu wa Mombasa, na kibanda chake kilikuwa katika barabara ya Luthuli.

"Shikamoo, babu," alisema Hemed, akimpisha mzee kwenye kiti chake mwenyewe.

Umau aliandika: *Marahaba.*

Hemed aliunganisha simu na mashine yake, akafanya kazi karibu saa nzima. Mwishowe akashusha pumzi. "Babu yangu, sitakudanganya. Kitu kikitupwa pipani, hukaa siku kadhaa na mtu aweza kukirejesha. Hapa pipa lenyewe limemwagwa, kisha juu yake pakatiwa kitu kingine kikubwa. Ni kama ubao uliopanguzwa ukaandikwa somo jipya. Hazirudi."

Umau aliandika: *Mimi ndiye niliyeagiza vibaya.*

Hemed akasoma, akamtazama Nzula. Kisha akamwita. "Njoo, mwanangu, utazame. Picha hizi za maua, unazichagua zote kwa mpigo, hivi. Video zilizojirudia, hivi. Zile unazozipenda unazihamishia kwenye kadi ya memori." Haikuchukua dakika tano. Nafasi iliyopatikana ilikuwa mara tatu ya ile aliyoihitaji Nzula kwa mchezo. "Na kitu cha mtu hakifutwi mpaka mwenyewe aulizwe. Simu hukuuliza kama una hakika, lakini simu haijui thamani ya kilichomo."

Walipotoka, Umau hakuelekea nyumbani. Alitembea taratibu mpaka stesheni ya treni, akakaa kwenye benchi nje ya lango. Ndani, sauti ya mwanamke kijana ilikuwa ikitangaza safari. Umau aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho. Akaandika: *Anatamka vizuri. Hakosei kama mimi.*

Nzula hakuweza tena.

"Umau, wewe hukukosea," alisema. "Nilijua ulitaka niipanguze. Niliipanguza. Kisha nikafuta sauti zako ili nipate nafasi ya mchezo. Pipa pia nimemwaga mimi. Halafu nikasema ni wewe."

Mzee hakugeuka. Mabega yake yalianza kutikisika. Alikuwa akilia, na kilio chake hakikuwa na sauti. Ni pumzi tu iliyokipeperusha kile kitambaa cheupe. Watu walipita na mizigo yao wasijue.

Akajifuta machozi, akaandika: *Kwa nini hukusema Jumapili?*

"Niliogopa."

*Siku tisa nimejichukia,* akaandika. Kisha, chini yake: *Twende. Susu na Yvonne utawaambia wewe. Mimi sitaandika kitu.*

Aliwaambia, jioni ile ile. Susu alimpa mgongo, akaingia jikoni, na hakumsemesha mpaka kesho yake. Yvonne aliuliza jambo moja tu: "Hata moja haikubaki?"

"Hata moja, shangazi."

Siku mbili kabla ya harusi, makofi mawili yalisikika sebuleni. Umau alikuwa amejaza kurasa mbili, hakuna neno lililokatwa. Juu aliandika: *Utasoma wewe.*

"Mimi? Umau, mpe mtu mwingine. Mimi ndiye niliyeharibu."

Akaandika: *Uliyapotosha maneno yangu. Kisha ukayanyoosha mwenyewe, bila kulazimishwa. Soma yalivyo.*

Siku ya harusi, Umau alisimama mbele ya bintiye, mkono wake juu ya kichwa cha Yvonne. Nzula alisimama kando na daftari. Alisoma polepole, bila kuongeza wala kupunguza: "Mwanangu, nilikuwa nimekuachia sauti, na sauti imepotea. Baraka hazikupotea. Nyumba yako isikose maji wala ukweli. Mkigombana, mpatane kabla ya chakula kupoa."

Wanawake wengi walijifuta machozi. Yvonne hakumtazama msomaji. Alimtazama baba yake, akasema, "Nimekusikia, baba."

Jioni, Nzula alimsaidia Susu kukunja vitambaa vya meza. Susu alikunja vitatu kabla ya kusema.

"Nilikuwa na desturi ya kusikiliza ile treni ya Mombasa nikikosa usingizi. Sitaisikia tena, na nitaililia mpaka nizikwe. Sikufichi hilo." Akachukua kingine. "Lakini kosa lililoniuma zaidi si kufuta. Watu hufuta, watu huvunja, ndio ubinadamu. Ulimwacha mzee abebe mzigo usio wake, siku tisa, na ukamwangalia. Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyo hiyo. Ukichelewa, kuna mtu asiye na hatia anaumia kwa niaba yako."

"Ndiyo, Susu."

"Haya. Shika pembe hiyo, tukunje sawasawa."