Mkia wa Malkia

Fundi saa alikuwa na meza yake chumba cha mbele, karibu na dirisha. Ukutani zilining'inia saa kumi na tisa, na hakuna mbili zilizokubaliana. Zamani kelele zile zilimtuliza. Tangu mwanawe aondoke, hazikumtuliza tena. Alikaa, akainuka. Alifungua saa ya mteja, akaiacha wazi, akaenda kuchungulia barabarani. Barabarani kulikuwa na nini? Hakuna kitu.

Mwanawe alikuwa amepata kazi mji wa mbali, safari ya siku mbili. Siku ya kuondoka alimkabidhi baba yake sanduku la kioo. Ndani mlikuwa na mjusi wa manjano mwenye madoa meusi. Si yule mjusi anayetembea darini. Huyu hutembea chini, hufumba macho kama mtu, na huitwa mjusi chui.

"Baba, huyu ni Malkia," alisema kijana. "Ni jike. Muuzaji aliniambia hivyo nilipomnunua, akiwa mdogo kama kidole. Nitunzie mpaka nirudi. Nakuamini wewe tu."

Fundi aliitikia kwa kichwa.

Basi akamtunza, akapitiliza. Aliliweka sanduku juu ya meza yake, chini ya taa kali ya kazi. Akakiondoa kibanda ambamo mjusi alizoea kujificha, kwa sababu alitaka kumwona. Kila mara alikigonga kioo kumsalimu. Mteja akija, alimtoa amwonyeshe.

Baada ya wiki mbili Malkia alianza kukwaruza kioo. Kwaru, kwaru, kwaru. Alipanda pembe hii, akaanguka, akakimbilia pembe ile. Nyenje aliotupiwa hakuwagusa.

"Ana upweke," alisema Fundi. "Anataka mwenzake."

Mkewe alikuwa anapiga pasi. "Amekwambia?"

"Mama watoto, upweke hausemwi. Unaonekana."

"Kuonekana unaonekana," alijibu mkewe, lakini hakuwa akimtazama mjusi.

Jioni simu ililia. Ni kijana wao. Mama alizungumza, akacheka, kisha akamnyooshea mumewe simu.

"Mwambie nina kazi," alisema Fundi, akaishika bisibisi ambayo hakuwa na haja nayo.

Mwalimu mmoja, mteja wake, alikuwa na mjusi wa aina ileile. Fundi akamwomba kwa siku chache.

"Ni dume?" aliuliza.

"Nadhani ni dume," alisema mwalimu. "Ana kichwa kikubwa."

Jumamosi mchana Fundi alimtia mgeni ndani ya sanduku. Malkia alisimama wima kwa miguu yote minne. Akauinua mkia, akaupunga polepole, huku na huku.

"Njoo uone!" Fundi aliita. "Anampungia mgeni! Si nilikwambia?"

Mkewe alichelewa kufika. Malkia alimrukia mgeni na kumng'ata ubavuni. Mgeni akageuka, akaushika mkia wa Malkia kwa meno. Walibiringishana, mchanga ukaruka. Fundi alitupa taulo, akaingiza mikono, akawatenganisha. Akamtia mgeni kwenye ndoo. Kisha akatazama ndani ya sanduku. Mkia wa Malkia ulikuwa umelala peke yake mchangani, na bado unajinyonganyonga.

"Nimemuua," alisema Fundi. "Mwanangu aliniachia kitu kimoja tu."

Mkewe hakungoja. Alipanda ngazi mbiombio kumwita jirani wa juu, mama aliyefanya kazi kliniki ya wanyama. Mtaani walimtania kwa jina la Daktari wa Kuku. Alishuka na sabuni bado mikononi.

"Tulia kwanza, Fundi, hajafa," alisema. "Mjusi huyu akishikwa mkia huuachia ili aponyoke. Utaota mwingine, ila hautakuwa kama wa kwanza. Toa mchanga, tandika karatasi safi. Usimpake dawa yoyote ya nyumbani. Jeraha likivimba au likitoa usaha, mlete kliniki."

Aliusafisha pia ubavu wa mgeni. Jeraha lilikuwa dogo.

"Lakini kwa nini?" Fundi aliuliza. "Mke na mume, mbona wapigane vile?"

"Nani kakwambia ni mke na mume? Lete bakuli la kioo. Na kile kioo chako cha kukuzia."

Alimweka Malkia taratibu kwenye bakuli, akaliinua juu. Fundi alikibana kioo chake jichoni, akatazama kutoka chini.

"Hatumbonyezi, hatumpindui," alisema jirani. "Tazama kati ya miguu ya nyuma, juu kidogo ya tundu la haja. Unaona nini?"

"Vitundu vidogo. Vimejipanga kama paa la nyumba."

"Na chini ya tundu, mwanzo wa mkia?"

"Vivimbe viwili."

"Basi ni dume. Jike hana vivimbe hivyo, na alama zake za juu ni hafifu mno. Kichwa kikubwa si ushahidi. Na mdogo kama kidole, hata mimi siwezi kumtambua. Subiri afikishe angalau nusu mwaka."

Walimtazama wa mwalimu. Paa la nyumba, vivimbe viwili.

"Malkia ana ndevu!" alisema mke wa Fundi, akaziba mdomo kwa kanga.

Fundi hakucheka. "Alimpungia mkia. Niliona kwa macho yangu."

"Mkia ukipungwa polepole hivyo, anasema, sogea nikuume. Ukitetemeka ncha kwa kasi, huenda dume amenusa mjusi mwenzake. Madume wawili usiwaweke pamoja kabisa. Ukiweka dume na jike, dume atamsumbua jike bila kumpa nafasi. Hawa, Fundi, kukaa peke yao ndiyo raha yao."

"Sasa alikuwa anakwaruza nini?"

Jirani alitazama taa, dirisha, sanduku tupu. "Kibanda chake kiko wapi?"

Fundi alikivuta kutoka chini ya meza.

"Mchana hulala gizani," alisema jirani. "Hutoka jioni. Wewe umemwashia taa usoni, unamgongea mlango, unamtoa kwa wageni. Mtu yeyote angetafuta pa kutokea."

Siku ileile sanduku lilihamia pembe tulivu. Kikawekwa kibanda upande wa joto, kingine upande wa baridi, na cha tatu chenye karatasi yenye unyevu, cha kumsaidia kujivua gamba. Mgeni alirudishwa kwa mwalimu, na Fundi akaomba radhi. Siku nane hakuna kilicholiwa. Fundi hakugonga kioo hata mara moja, ingawa vidole vilimwasha. Jioni ya tisa alisikia kishindo kidogo. Malkia alikuwa amemkamata nyenje.

Fundi alichukua simu, akapiga mwenyewe.

"Baba?" Kijana alishtuka. "Kuna nini?"

Alimweleza yote, mpaka mkia. Upande wa pili kijana alishusha pumzi.

"Sasa anakula?"

"Anakula. Amelala kibandani, hana shida na mtu."

"Basi ule upweke ulitoka wapi, baba?"

Fundi alitazama saa zake kumi na tisa.

"Haukuwa wake," alisema. "Ni mimi niliyekukumbuka, mwanangu."

Walizungumza mpaka salio likaisha. Kijana aliporudi kwa likizo, mkia mpya ulikuwa umeota, mfupi na mnene kama kitunguu. Jina hawakulibadilisha.