Nyuki Gani Yumo Chupani?

Mkunde aliishi Usangi, milimani. Nyuma ya nyumba, mama yake alipanda mipasheni.

Kwenye nguzo moja ya mipasheni palikuwa na tundu. Humo aliishi nyuki mkubwa mweusi, pamoja na watoto wake.

Vuuu, vuuu! Alitoka. Vuuu, vuuu! Alirudi na unga wa maua.

Siku moja mjomba Senkondo alikuja na wavu. Alibeba pia chupa mbili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Mjomba hakutabasamu.

"Nyuki wageni wametoroka kwenye banda la kukuzia nyanya," alisema. "Waliletwa kutoka mbali ili wachavushe maua ya nyanya. Wanaweza kuwaambukiza nyuki wetu ugonjwa. Lazima niwakamate."

Chupa moja ilikuwa na mgeni tayari.

"Wakoje, mjomba?"

"Wakubwa. Weusi. Wana mkanda wa njano."

Mkunde akaitazama nguzo. Nyuki wa kwenye nguzo pia ni mkubwa. Ni mweusi. Ana mkanda wa njano!

Vuuu, vuuu... Fyu! Wavu ukashuka. Nyuki akaingia chupani.

"Mjomba, huyo ni wa kwetu! Ana watoto!"

"Una hakika?"

Mkunde hakuwa na hakika. Akaziweka chupa mbili pamoja. Akachuchumaa.

Tazama tumbo. Lina manyoya, au linang'aa?

Mgeni alikuwa na manyoya hadi mkiani, kama kifaranga. Mkia wake ulikuwa mweupe.

Na huyu? Tumbo lake lilikuwa jeusi, laini. Liling'aa kama sufuria iliyosuguliwa.

"Nilitazama mkanda tu," mjomba alisema taratibu. "Nimekosea."

Akafungua chupa. Nyuki hakutikisika.

Wakangoja. Wakangoja.

Vuuu! Akaruka. Akaingia kwenye tundu lake.

Kisha wakapita pamoja kwenye maua yote.

Tazama tumbo. Lina manyoya, au linang'aa?

Linang'aa. Mwache.

Linang'aa. Mwache.

Lina manyoya. Fyu!

Mkunde akamtazama mgeni huyo chupani. Machozi yakamlengalenga.

"Mjomba, yeye hakuomba kuletwa huku."

"Ni kweli, mwanangu. Nitawarudisha wote bandani."

Usiku, mama alimfunika Mkunde blanketi.

"Mama, wale wageni wamefika?"

"Wamefika. Mjomba amepiga simu."

"Wako na wenzao?"

"Wako na wenzao."

Mkunde akashusha pumzi. Akafumba macho.