Moto wa Njia Panda

Kila Jumamosi asubuhi Tupokigwe alifagia uwanja wa shangazi yake, akafunga viazi viwili kwenye kitambaa, akaenda hadi njia panda iliyo chini ya mlima Loleza. Mwaka huo, 1956, alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa mgeni Mbeya, ameletwa kutoka Tukuyu baada ya mama yake kufariki. Kifua chake kilikuwa dhaifu, hakuweza kupanda mlima. Lakini Chama cha Wapanda Milima cha shule yao kilihitaji mtu wa kujitolea kukaa njia panda na kukoka moto wa majani mabichi, ili ukungu ukishuka wenzake wanuse moshi na wasiingie njia ya korongoni. Tupokigwe aliinua mkono kabla mwalimu hajamaliza kuuliza.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Upweke ndio uliokuwa mgumu. Wenzake walipita wakicheka, sauti zao zikapotea juu, kisha kimya mpaka saa tisa. Alihesabu ndege. Alizungumza na kuni, na kuni si wasemaji wazuri. Siku nyingine alilia, bila sababu yoyote ila kwamba hapakuwa na mtu.

Jumamosi moja ya Juni alisikia wasichana wakiimba kwenye shamba la pareto. Akajiambia anakwenda mara moja tu. Hiyo mara moja ikawa saa nzima. Ukungu uliposhuka alirudi mbio, kifua kikimbana. Alimkuta Mzee Sedekia, mchanja kuni aliyeishi peke yake karibu na hapo, amepiga magoti akipuliza moto. Mzee alikuwa ameona hakuna moshi, akaacha kuni zake akaja kuuwasha upya. Hakumgombeza. Alimwambia tu akae, wenzake watashuka sasa hivi, akaenda zake. Punde watoto wakatokea, Evarista mbele akitetemeka. Alisema alikuwa ameshaanza kuteremkia korongoni aliponusa moshi. Wote wakamshukuru Tupokigwe, naye akanyamaza.

Mwezi wa Agosti shule iliandaa chakula cha jioni cha kuwashukuru waliojitolea: akina mama waliopika uji, akina baba waliofyeka njia. Palikuwa na ndizi, wali na kuku. Mwalimu Philbert, mlezi wa chama, aliwaita mmoja mmoja. Mwishoni alimwita Tupokigwe, akaeleza jinsi moto wake ulivyomwokoa Evarista. Mama yake Evarista akamwekea firigisi, kipande ambacho nyumba nyingi humwachia baba. Watu wakapiga makofi. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie Mbeya, kila mtu alilijua jina lake. Na hapo ndipo alipojiona mpweke kuliko siku zote za njia panda, maana waliyemshangilia hakuwa yeye.

Alijua akisema atanyang'anywa kazi, na hiyo ndiyo nafasi pekee aliyokuwa nayo chamani. Akasukuma sahani.

"Mwalimu, siku ile niliuacha moto ukazimika. Aliyeuwasha ni Mzee Sedekia. Mimi nilikuwa shambani nasikiliza nyimbo."

Evarista alimtazama, kisha akainama. Mwalimu akamuuliza kwa nini hakusema mapema, akajibu kwamba aliogopa kufukuzwa. Mwalimu alifikiri kidogo, halafu akawatuma yeye na Evarista wakamwite mzee. Walimkuta mlangoni kwake, anakula ugali peke yake. Alivaa koti lake kuukuu akafuatana nao, akakalishwa kiti cha mbele na kupakuliwa chakula.

"Umekosa mara mbili," Mwalimu Philbert alimwambia Tupokigwe. "Uliacha kazi uliyoaminiwa, ukapokea sifa ya mwenzio. Sifa umeirudisha leo kwa kusema kweli, na si wengi wanaoweza. Kazi utairudia Jumamosi."

Machozi yalimtoka Tupokigwe. Mzee Sedekia aliweka sahani chini, akamgeukia.

"Miaka sita nakaa peke yangu, mwanangu. Upweke naujua. Ukikuzidi, usiondoke motoni. Niite tu. Nami sina wa kuongea naye."