Tope Lisilo na Kiangazi

Peugeot 403 iliserereka hadi ukingo wa bandari ya Uvira. Octave, askari wa upelelezi, aliruka nje, bastola ya Browning mkononi.

Boti ya kwenda Bujumbura ilikuwa imeshawasha injini.

Redio ikakoroma kwa sauti ya mkuu wake. "Fungua mrija moja tu. Profesa iko na barua ya waziri. Ukikosea, anaenda zake."

"Nimesikia, shefu."

Ilikuwa Aprili 1964, waasi wakiwa milimani. Ndani ya mmoja wa mirija kumi na miwili ya Profesa Lanoye, iliyojaa tope la ziwani, ilifichwa orodha ya watu wa kuuawa. Honorine, dada yake Octave, mwalimu wa mtaa wa Kasenga, alikuwamo orodhani.

"Octave!" Profesa alitabasamu. "Weye mwenyewe ulinisaidia kuvuta tope hili."

Kweli. Miaka mitatu, kabla Octave hajawa askari, walitoboa sakafu ya Ziwa Tanganyika pamoja. Ukanda wa kioo ubavuni mwa kila mrija ulionyesha mistari: mweusi wa mvua, mweupe wa kiangazi. Profesa ndiye aliyemfundisha kwamba mamilioni ya miaka nyuma, kabla milima hii haijainuka, pepo za mvua zilipita kwingine. Kwamba baadaye zilikuja, zikalegea, zikarudi. Mistari mipana myeupe ilimnyima Octave usingizi. Karne nzima za watu waliongoja mvua, na hata makaburi yao hayajulikani.

"Dakika mbili!" nahodha alipaza sauti.

Octave alikagua mirija polepole. Wa kwanza, mistari. Wa tano, mistari.

Wa tisa: rangi moja, juu hadi chini.

"Hapo mvua haikubadilika," Profesa alisema upesi. "Miaka elfu mbili."

Octave alimgeukia Cyprien, mfyatua matofali wa Kasenga, aliyekuwa akipakia mizigo. "Kaka, udongo huu ulikanyaga weye?"

"Nani mwingine? Muzungu alisema nijaze tu. Miye nikakanyaga masaa mbili! Utaona mustari hapo? Hata moja!"

Profesa alifumba macho.

"Mvua hupungua, Profesa. Lakini kiangazi hakijawahi kukosa."

Kitako cha Browning kilivunja kioo. Ndani ya tope, karatasi iliyopakwa mafuta: orodha.

Pingu zikalia.

Honorine alikuwa wa saba. Wa kwanza alikuwa Georgette, karani wa mtaa wa Songo, aliyezikwa Jumapili. Malaria, watu walisema. Jina lake lilikuwa limekwisha katwa kwa wino mwekundu.

"Umewaokoa wote?" redio iliuliza.

"Wote isipokuwa moja."

Octave alizima redio, akafuta tope mikononi, akavaa kofia. Kisha akaenda kwa miguu hadi Songo, bila haraka, kumwambia mama yake Georgette kwamba haikuwa malaria.