Ukurasa Nambari Kumi na Nne

Mwaka 2009, asubuhi moja, Evalyne alikuwa akipanga mitungi ya maji nje ya ploti yao ya vyumba vya kupanga, Kitengela. Jirani yake Wahu akamjia akicheka.

"Hongera, mama! Miezi mitatu na umetunyamazia!"

Mtungi ulimponyoka Evalyne. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia. Hii ya tatu hakuwa amemwambia hata Mulwa, mumewe. Alitaka kwanza daktari aseme mtoto yuko salama.

"Nani amekuambia?"

"Kompyuta. Nilikuwa saiba, pale kwenye kompyuta za kulipia, nimeingia tovuti ya kliniki na neno langu la siri, nikitafuta ukurasa wangu. Mimi ni nambari 41. Nikakosea, nikaandika 14. Wako ukafunguka."

"Wahu, tafadhali, usiseme."

"Mdomo nimefunga. Lakini mimi ni mmoja tu."

Wakaenda kwa Judy, mwenye saiba. Walimkuta Kyule, kijana aliyetengeneza tovuti ya kliniki, wakawaeleza wote wawili.

"Haiwezekani," Kyule akasema. "Kila mtu anaingia na neno lake la siri."

Judy akamgeukia. "Kyule, ploti yenu iko na geti?"

"Iko nayo, na kufuli."

"Ukishapita geti, unaingia chumba cha yeyote?"

"Aii! Si nitapigwa!"

"Kwa nini, na ufunguo wa geti uko nao?"

Wahu akacheka hadi akashika mbavu.

"Neno la siri ni geti," Judy akaendelea. "Linauliza wewe ni nani. Lakini kila ukurasa ukiombwa, kompyuta ya kliniki lazima iulize tena: huu ni wa huyu? Kama si wake, usifunguke."

"Lakini sikuweka mahali pa kubonyeza ili kufungua ukurasa wa mwingine."

"Kuficha mlango si kuufunga. Wahu aliandika nambari tu, pale juu kwenye anwani ya ukurasa."

Kyule alimtazama Evalyne, akainamisha kichwa. "Pole, dada. Ni mimi nilikosea."

Alipigia kliniki simu, tovuti ikafungwa. Alifanya kazi siku mbili. Kisha akamwita Evalyne ajaribu. Evalyne aliingia kwa neno lake la siri, akaandika 41. Kioo cha kompyuta kikasema: *Huna ruhusa.*

"Afadhali!" Wahu akasema. "Uzito wangu ulikuwa hapo!"

Wiki iliyofuata, baada ya kupimwa na daktari, Evalyne alirudi saiba na Mulwa. Alifungua ukurasa wake mwenyewe, akamsogezea kiti.

"Soma."

Mulwa akasoma polepole, kidole kikifuata maneno kwenye kioo: "Moyo wa mtoto unapiga vizuri."

Akarudia kusoma kutoka mwanzo.