Karatasi Ndani ya Kiti cha Algoma

Kilichomshangaza Verna Hnatiuk kwanza ni kwamba gari halikuwa na panya.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akishona viti vya magari ya zamani katika gereji ya kaka yake Orest, nje kidogo ya Dauphin, Manitoba, na hakuwahi kuona gari lililotolewa bandani likakosa panya. Hujificha humo wakati wa baridi, hutafuna sponji, huzaa, hufa, na kazi yake ya kwanza siku zote ni kuzoa mavi yao huku amejifunga kitambaa puani. Algoma hii nyekundu, gari la mbio la mwaka 1971, ilikuwa imelala miaka arobaini na moja katika banda la ng'ombe karibu na Roblin. Hakukuta hata punje moja ya mavi. Na alipofungua milango, nzi waliokuwa wakivuma dirishani wakahamia ukuta wa mbali.

Alimwambia Orest. Orest akasema labda mwenye gari alitega sumu, akarudi chini ya gari na tochi yake.

Huyu Orest alikuwa mtu wa kusikilizwa. Watu wa Halifax hadi Vancouver walimtumia picha za magari ya mbio ya miaka ya sabini, hasa yale yaliyotengenezwa kwa soko la Kanada peke yake, naye akawaambia lipi la kweli na lipi limebandikwa bati la namba la gari jingine. Jambo moja tu lilimtia aibu. Tangu ujana wake alishikilia kwamba mwaka 1971 zilitoka Algoma kumi na tisa zenye injini kubwa ya silinda nane, na hapakuwa na picha wala orodha ya kumuunga mkono. Katika mikutano ya wapenda magari kule Winnipeg walimwita Mzee Kumi na Tisa, wakicheka mbele yake. Sasa amelala chini ya gari lenye injini hiyohiyo, na namba za chasisi, injini na gia zinalingana. Kilichobaki ni karatasi ya kiwandani, ile ambayo mafundi waliifuata wakiunda gari, kisha mara nyingi wakaisahau kati ya springi za kiti. Bila hiyo karatasi, yeyote angeweza kusema injini imepandikizwa.

Juma la pili joto la Juni lilipanda, na kiti cha dereva kikaanza kutoa jasho. Verna alikipangusa kwa spiriti, kikakauka. Baada ya chakula cha mchana alikikuta kimelowa tena, ngozi yake inang'aa, na katika mshono wa mgongoni umejipanga ute mweupe kama mafuta ya nyama yaliyogandia sufuriani. Ulinuka siagi iliyochacha na mafuta ya nywele ya wanaume wa zamani. Aliugusa kwa kidole. Ulikuwa wa vuguvugu.

"Kipasue," Orest alisema. "Karatasi imo humo."

Alikipasua mchana kweupe, mlango wa gereji ukiwa wazi. Ndani hapakuwa na sponji. Palikuwa na nywele, nywele za kijivu zilizosokotwa zikazungushwa kwenye kila springi kwa utaratibu, kama mtu anavyozungusha uzi kwenye bobini ya cherehani, na kati yake kucha zilizokatwa, za mikono na za miguu, na juu ya yote hayo tabaka nene la mafuta ya manjano ambalo kisu kilipoingia lilitoa sauti ya mtu anayelamba midomo. Karatasi ilikuwa katikati, imelowa chapachapa, lakini maandishi yake yalisomeka kana kwamba yamechapwa asubuhi ile. Injini kubwa. Gia nne. Gari la saba kati ya kumi na tisa.

Verna alikimbilia nje akatapika kwenye majani. Alipogeuka alimwona kaka yake ameishika karatasi kwa mikono miwili, mafuta yanamchuruzika hadi viwikoni, na anaibusu.

Tangu hapo Orest aliacha kunawa. Alidai ana haraka. Kila mchana baada ya kula alikwenda kukaa ndani ya gari, juu ya kile kiti kilichopasuliwa, mikono kwenye usukani na mdomo ukitafuna taratibu bila kitu ndani yake, na Verna, akiwa kwenye cherehani yake hatua kumi tu kutoka hapo, alisikia sauti ya kutafuna ikitoka pia ndani ya milango ya gari, mlango wa kushoto ukianza na wa kulia ukijibu. Nyama ilimtoka Orest mashavuni. Kiti nacho kilinenepa. Pale Verna alipopasua palianza kujifunga penyewe, ngozi ikivutana na ngozi, na vikombe alivyoshika kaka yake vilibaki na alama za vidole zisizotoka kwa sabuni wala kwa maji ya moto.

Siku Verna alipomkuta anachota kwa kijiko mafuta ya nguruwe yaliyovunda, yaliyokuwa yamesahauliwa kwenye mtungi tangu Pasaka, akiyameza na ukungu wake, alichukua ufunguo wa pikapu akaenda Roblin kwa mjane aliyewauzia gari.

Bibi Sigrun Eyolfson alimkaribisha kahawa, na hakujifanya hajui. Alieleza kwamba marehemu mumewe, Halldor, alilinunua kwa mchuuzi mmoja aliyekaa nalo miezi mitatu tu, mtu aliyemkabidhi ufunguo akiwa ameushika kwa leso. Halldor alikuwa mnene, mcheshi. Akawa anakwenda kukaa ndani ya gari kila siku baada ya chakula, mpaka akakonda kama waya wa uzio. Mchana mmoja wa Agosti hakurudi mezani.

"Siku ya kwanza nilijua amekufa," Sigrun alisema. "Nikamwacha humo siku kumi na moja. Nilikuwa nimechoka kula meza moja na mtu anayenuka vile."

Verna alimuuliza kwa nini basi aliwauzia.

"Nilimwangalia kaka yako alipokuwa akilipapasa. Nikaona limepata mtu wake. Nami nilitaka liondoke kwangu."

Verna aliiacha kahawa. Njiani alisimama mara mbili kutema mate, na hakujua kinachomtia kichefuchefu zaidi ni lile gari au ni yule mama.

Mjini Dauphin alikuwako bado Bibi Yustyna Kowalchuk, mwenye miaka tisini na mitatu, ambaye watu wa asili ya Ukraine walimpelekea watoto walioshtuka na wakubwa wasiolala. Huyeyusha nta ya mishumaa ya kanisani akaimimina kwenye bakuli la maji juu ya kichwa cha mgonjwa, na nta inapoganda huonyesha kilichomkamata. Alikuja saa sita mchana na bakuli lake ndani ya mfuko wa plastiki. Orest alikubali kuketi. Alikuwa mpole mno, na harufu yake ilijaza jikoni.

Mmimino wa kwanza nta iliganda ikiwa na umbo la ufizi, meno yote. Wa pili maji yalitanda mafuta, na ndani ya nta mkawa na nywele, ingawa bibi alikuwa ameichuja mwenyewe. Kwetu Waswahili tungesema ni jini. Yeye hakulipa jina. Alisema tu kwamba limejifunga kwenye ile karatasi tangu siku gari lilipoundwa, na anayeishika karatasi ndiye chakula chake. Kiti kichomwe, na karatasi nayo.

Verna alingoja kaka yake akatae. Hakukataa. Alileta bahasha yenye karatasi, wakatoka uani, wakatia kiti ndani ya pipa na petroli. Kiti kiliungua kwa kelele, mafuta yakikaanga na kuruka, moshi mweusi ukiwapaka midomoni ladha ambayo Verna aliikwangua ulimini kwa kucha. Halafu Orest akatupa karatasi. Ikashika moto upesi, safi, ikawa jivu.

Upesi mno. Karatasi aliyoitoa Verna ndani ya kiti ilikuwa inachuruzika. Hii ilikuwa kavu, nakala ya mashine.

"Ya kweli iko wapi, kaka?"

Orest aliweka kiganja tumboni, kwa upole, kama mama mjamzito. "Mahali ambapo hamtaichoma."

Walimlaza kwenye majani. Verna alimkalia kifuani, kaka yake amebaki mifupa, na Bibi Yustyna akambana pua na kummiminia maji ya chumvi na haradali mpaka tumbo lilipogeuka. Yalitoka mafuta meupe, mengi kuliko mtu mwembamba vile anavyoweza kubeba, yakatoka mafundo ya nywele za kijivu ambayo Verna ilibidi ayavute kwa mkono kutoka kooni mwake, marefu, yanateleza, yakaja na vipande vya kucha, na mwishowe, imekunjwa mara nne, haijameng'enywa hata pembeni, ikaja karatasi. Bibi aliinyanyua kwa koleo akaitia pipani. Ilichemka kwanza, kisha ikaungua, na wakati wote ilipokuwa ikiungua ile sauti ya kutafuna ilitoka kwenye milango ya gari, ikapanda ukutani, ikapita juu ya mabati ya gereji, ikaenda zake juu ya mashamba ya kanola hadi haikufika masikioni tena.

Mmimino wa tatu nta iliganda laini kama sahani.

Orest alilala siku mbili. Alipoamka alinawa mwenyewe, akaomba supu, na kufikia Agosti nyama ilikuwa imerudi mashavuni. Bibi Yustyna alikuja mara mbili kumnusa kinywa, akasema ni msafi. Algoma ilichukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu, ikakandamizwa na nyingine. Kule Winnipeg waliendelea kucheka.

Asubuhi moja Verna alimpelekea chai barazani. Orest alikuwa akitazama mahali ambapo gari lilikuwa limeegeshwa.

"Ungeniacha tu," alisema bila hasira. "Ningekufa nayo tumboni. Wangenipasua, wangeikuta. Kila mtu angejua ilikuwa kweli."

Verna aliinama akamnusa. Sabuni na chai. Akamshika kiganja, kikavu, safi. Alimtazama machoni kwa muda mrefu, akitafuta mwingine humo ndani, na hakumwona mwingine ila Orest.

Aliweka kikombe mezani, akaenda kupakia cherehani yake kwenye pikapu.