Sikio Lililofundishwa Utani

Sikio lilipowashwa kwa mara ya kwanza katika karakana kuu ya ndege ya Tabora, lilifunga kila ndege iliyokuwamo kabla chai ya saa nne haijamiminwa. Injini zilijikaza zenyewe, taa nyekundu zikawaka mabawani, na marubani wakabaki uwanjani wameshika kofia mkononi kama wakwe waliokosea nyumba. Kisa chenyewe? Nyamizi Mihayo, mkaguzi wa vyuma, alikuwa amemsalimia Kondo Pazi, mkuu wa karakana.

"Wewe Mzaramo," alimwambia akiwa bado mlangoni, "bado unaunga vyuma kwa uji wa muhogo? Hizi si ndege, ni majeneza yenye viti!"

"Na wewe Mnyamwezi uliyezoea mizigo ya kichwani," Kondo akamrudishia, "injini umeijulia wapi? Wabebe abiria mgongoni uwafikishe pwani, ndiyo kazi ya babu zenu!"

Mafundi walicheka mpaka spana zikawaponyoka. Sikio halikucheka. Lilikuwa limesikia mkaguzi akisema kwa kinywa chake kwamba ndege ni majeneza, likafanya lililoundwa kulifanya.

Maana zama hizo, ambapo Tabora ilikuwa njia panda ya anga na ndege ziliinuka wima kama moshi wa tanuri kwenda kila mji, sheria ilikuwa moja tu, iliyoitwa Sheria ya Kauli. Baraza la Vyuma vya Anga lilichoka kuona onyo la fundi likipita meza hii hadi meza ile mpaka linakufa. Ndipo likaamua kwamba kauli itoshe. Mtu wa karakana akitamka kuwa chuma fulani ni kibovu, Sikio, akili mnemba iliyotandazwa darini kwa vinasa-sauti vyembamba kama unywele, litasikia na kuifunga ndege papo hapo. Hakuna saini, hakuna kumbembeleza bosi. Sema tu.

Sheria nzuri, nani atabisha? Ila waliolibuni Sikio hawakujua Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana huwa wanaambiana nini. Tangu enzi za misafara hao ni watani: hutukanana wazi, huombeana mabaya usoni, hata msibani mmoja huja kumcheka maiti wa mwenzake, na kukasirika ni mwiko. Basi watu wa Baraza wakaja na vyombo vyao, wakakaa karakanani kuanzia masika mpaka kiangazi wakiwasikiliza Nyamizi na Kondo wakichambuana, wakalifundisha Sikio chujio la utani. Likajua vicheko. Likajua mikogo ya sauti. Likajua kwamba neno likirushwa na kurudishwa baina ya hawa wawili ni mchezo, liachwe lipite. Kazi ikanyooka, na Nyamizi mwenyewe akajisifu mtaani kwamba mashine ya serikali imesoma utani kwake bila ada.

Hapo pangeishia kicheko, kama si bendera.

Kila msimu Baraza lilikuwa likitoa bendera ya kijani kwa karakana iliyofungiwa ndege chache kuliko zote. Waliodhani karakana isiyofungiwa ndege ndiyo salama walikosea, lakini nani angewaambia? Kondo aliipenda bendera ile. Aliitundika juu ya lango, akaifua kwa mkono wake mwenyewe, na wageni wakija aliwapitisha chini yake hata kama mlango wa pembeni ulikuwa karibu zaidi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalouma. Nyamizi alipofiwa na mumewe, Kondo ndiye aliyekuja kulala mlangoni kwa utani, akamchekesha mjane aliyekuwa amekataa hata maji.

Sasa sikia habari ya sahani.

Ndani ya injini kuna chuma cha duara, kipana kama sinia la pilau la harusini, ambacho mafundi hukiita sahani. Ndicho kinachoyashika mapanga yote ya injini yakizunguka. Ndege ikiruka sahani huvutwa kwa nguvu za kutisha, ikitua huachiwa. Kuvutwa na kuachiwa, kuvutwa na kuachiwa, kama waya unaoukunja na kuukunjua vidoleni. Chuma nacho huchoka, bwana, tena huchoka kimyakimya. Na ikiwa tanuri lililoiyeyusha liliacha chembe isiyoiva, donge dogo kama la unga kwenye uji, basi uchovu hukaa pale pale, ukafungua ufa mwembamba ambao macho hayauoni. Kwa hiyo kanuni ilisema: sahani moja ikikutwa na donge, ndugu zake wote wa tanuri lile washushwe.

Nyamizi alilikuta donge kwenye sahani iliyotolewa katika ndege ya Mpanda. Alilitazama mara mbili kwa darubini ya mawimbi inayoona ndani ya chuma, akatafuta ndugu wa tanuri, akamkuta mmoja tu aliyekuwa bado kazini: injini ya kushoto ya ndege iliyoitwa Igombe, ambayo ingeruka kesho yake asubuhi kwenda Dodoma.

Akatoka mbio mpaka karakanani. Mafundi walikuwa wananawa mikono wakale.

"Kondo, leo sina mchezo," alisema. "Sahani ya Mpanda ina ufa, na ufa umeanzia kwenye donge. Ndugu yake yumo kwenye injini ya kushoto ya Igombe. Ishushe."

Kondo alimtazama. Akainua macho juu ya lango, kule kwenye kijani. Kisha akapaza sauti karakana nzima isikie.

"Jamani, njooni! Mnyamwezi kaota tena! Juzi kaota ng'ombe, leo kaota injini. Kesho ataota mume!"

Kicheko kikapasuka. Na Nyamizi, Mungu amsamehe, kinywa chake kilikuwa na mazoea. Mtani akikurushia hurudishi? Utaonekana umeishiwa.

"Nimekuota wewe, Mzaramo," akajibu, "umevaa sanda, na hiyo sanda yenyewe umeazima!"

Mafundi wakashikana mabega kwa kucheka. Nyamizi naye akatabasamu kidogo, akamnyooshea Kondo kidole: "Nimeshasema," akaondoka. Hakugeuka kutazama taa za mabawa. Za nini? Kauli ametoa, Sikio lipo, sheria ipo.

Nyumbani kwa Nyamizi hapakuwa na siku ya kukosa watu. Majirani walikuja kunong'ona, wakaishia kula. Katikati yao alikaa wifi yake Kabula, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa akiishi naye. Mwanamke mnene mwenye sauti ya ngoma, ambaye habari ya mtaa ikimpita basi ujue haikutokea. Jioni ile alikuwa akifunga michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chupa za asali kwa ajili ya binti yake aliyejifungua Dodoma.

"Wifi, kesho nadandia Igombe," alisema. "Namfuata mjukuu. Wanasema ana pua yangu, maskini mtoto."

"Igombe?" Nyamizi aligeuka. "Hiyo nimeisemea leo. Ina sahani mbovu, itakuwa imefungwa."

"Yaani nimesuka nywele bure?"

"Nenda tu uwanjani ukasikilize. Ikibaki chini, rudi. Ukiona wanawaita mpande, panda bila wasiwasi, ujue wameshabadilisha sahani. Sikio haliachii ndege hivi hivi."

"Hilo sikio lako lingekuwa mtu ningeliposea mke," Kabula akasema, na nyumba ikacheka.

Asubuhi walimwita apande. Akapanda.

Sahani ilikatika juu ya Itigi. Chuma kinachozunguka kwa kasi ile kikikatika hakuna ganda la injini linaloweza kukizuia. Vipande vilipita ubavu wa ndege kama shoka linavyopita papai. Rubani, mtu wa kusifiwa, aliishusha Igombe vichakani ikiwa na injini moja, na abiria wengi walitoka kwa miguu yao. Waliokaa sambamba na injini ya kushoto hawakutoka. Kabula alikuwa ameomba kiti cha pale ili aone nchi.

Baraza likaitisha uchunguzi. Mwenyekiti, Mhandisi Lugusi, mzee mpole mwenye tai iliyonyooka, akaamuru rekodi ya Sikio isikilizwe ukumbini. Ikasikika sauti ya Nyamizi, ikasikika ya Kondo, ndoto ya ng'ombe, ndoto ya mume. Ilipofika kwenye sanda ya kuazima, watu ukumbini walicheka. Walijiziba midomo haraka, lakini walicheka, hata karani. Nyamizi aliketi mbele yao na nguo nyeusi, akausikia utani wake ukichekesha kwa mara ya pili.

Rekodi ilikatwa pale alipotoka karakanani. Baraza likaamua kuwa Sikio lilifanya kazi kama lilivyofundishwa, kwamba mkaguzi alichanganya kauli na mzaha, na kwamba mkuu wa karakana hakupata onyo linaloeleweka.

Nyamizi hakurudi nyumbani. Alikwenda karakanani, akasimama chini ya dari mafundi walipokuwa wamekwenda kula.

"Sikio. Siku ile ya Igombe. Nilipotoka kulikuwa na nini?"

"Mkaguzi ana haki ya kusikia," Sikio lilijibu kwa sauti yake tulivu isiyo ya kike wala ya kiume. "Mafundi walikwenda kula. Mkuu wa karakana alibaki peke yake. Aliuliza: umefunga? Nikajibu: sijafunga, nimeyapokea kama utani. Nikaongeza kwamba maneno ya mwanzo ya mkaguzi hayakuwa na mkogo wa utani, yalifanana na kauli. Nikamwuliza, nayahesabu vipi?"

"Akasema nini?"

"Alikaa kimya. Alitembea mpaka kwenye lango, akarudi. Kisha akasema: utani."

Nyamizi aliinua macho darini. "Na wewe ukamwamini?"

"Nilifundishwa kwamba mtani ndiye anayejua kama ametaniwa."

Akalichukua hilo mpaka ofisini kwa Mhandisi Lugusi, akaomba Sikio lilirudie neno kwa neno kwa simu ya mezani. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Bi Nyamizi, mama yangu," alisema, "nakuelewa. Lakini nikimwita hapa, atasema lile neno naye alilisema kwa utani. Nitamjibu nini? Chujio ni letu. Tulilipitisha sisi."

"Alikaa kimya, mzee. Mtu hatanii kwa kunyamaza akiwa peke yake."

"Kimya hakimo kwenye sheria."

Basi. Sheria ya Kauli ikaongezewa kifungu: wakaguzi wasipangiwe karakana zenye watani wao. Nyamizi akahamishiwa ghala la vyuma vikuukuu. Kondo akabaki. Bendera nayo ikabaki, kwa kuwa msimu ule karakana ya Tabora haikuwa imefungiwa ndege hata moja.

Ikafika arobaini ya Kabula. Nyumba ilijaa mpaka barabarani. Masufuria yanachemka, wazee wamekaa mikekani, binti wa marehemu amepakata kitoto chenye pua ya bibi yake. Dua ilipokwisha, pakatokea zogo langoni.

"Mtani kaja! Mtani huyo!"

Alikuwa Kondo. Amevaa gunia, amejipaka majivu, amejitwika ungo kichwani kama desturi inavyotaka. Akajitupa chali kizingitini akafunga njia.

"Siondoki!" akapiga kelele. "Huyu marehemu alikuwa mzito, hata ndege imemshindwa! Nipeni kuku wangu la sivyo nalala hapa mpaka Idi!"

Watu walicheka, na kicheko kile kilikuwa dawa. Mtu alikuwa hajacheka katika nyumba ile tangu Itigi. Kisha wakageuka wote kumtazama Nyamizi. Mtani kaongea, mtani ajibu.

Nyamizi aliinuka. Akapita katikati ya wanawake, akasimama juu ya Kondo pale alipolala. Kwa karibu aliona majivu yameshika kwenye jasho, na macho chini ya ungo hayamtazami.

"Kondo," alisema taratibu, "Sikio lilikuuliza. Ulijua sitanii. Umemwua Kabula."

Halafu mwanamke mmoja kando ya masufuria akapiga makofi. "Haya! Mtani kampata mtani!" Vigelegele vikapanda. Mtu akammwagia Kondo unga kichwani.

"Sicheki," Nyamizi alisema, sauti ikimpanda. "Nisikilizeni! Nasema kweli, huyu mtu ameua! Alijua!"

Kadiri alivyopaza sauti ndivyo walivyozidi kucheka, wakifutana machozi kwa kanga, wakisema huyu mama kwa utani hana mfano, hata akiwa na msiba. Akamtazama Kondo. Yeye peke yake hakuwa akicheka. Unga ulikuwa umemkaa kwenye kope, midomo imefunguka nusu kama mtu aliyeshika neno zito mdomoni, na kwa kitambo kidogo Nyamizi aliamini kwamba atalitoa, mbele ya watu wote.

Kondo akajiinua kwa kiwiko.

"Basi leteni kuku," alisema kwa sauti kubwa. "Mwuaji naye anasikia njaa."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Wakamletea kuku.